Mafaili ya Forodha Tuliyokuwa Tukiyaanika Uani

Nyinyi vijana mliopata kazi juzi kwenye madawati ya serikali, sogeeni niwaambie jinsi ya kumnyima mtu karatasi. Msicheke. Kazi hiyo nimeifanya karibu umri wangu wote wa utu uzima, katika chumba cha mafaili cha ofisi ndogo ya forodha hapa Malindi, na lau kungekuwa na cheti cha kuzungusha watu, changu kingetundikwa sebuleni juu ya televisheni.

Barua ya ajira ilisema nitatunza kumbukumbu. Kila mzigo ulioingia kutoka nje, uwe wa tajiri au wa maskini, ulikuwa na karatasi zake: nani ameuleta, una nini ndani, umelipiwa ushuru au umesamehewa, na kama umesamehewa ni kwa sababu gani. Karatasi hizo zilikaa kwangu. Barua haikusema nizitunze dhidi ya nani, basi nikaamua mwenyewe kwamba ni dhidi ya kila mtu.

Mbinu zangu hazikuwa ngumu. Mtu akija nilimwambia, "Faili liko kwa mkubwa." Mkubwa mwenyewe yuko Mombasa tangu Jumatatu, na faili liko chini ya kiwiko changu. Akija tena, "Ufunguo umekwenda Kilifi." Hakuna aliyewahi kuniuliza ufunguo umekwenda Kilifi kufanya nini. Akizidi kung'ang'ania, "Andika barua." Akileta barua, haina anwani. Akiitia anwani, ingefaa ipigwe chapa. Akirudi nayo imepigwa chapa, mimi nimetoka kwenda kunywa chai. Na juu ya zote kulikuwa na "rudi kesho," ambayo niliisema kwa upole na tabasamu hata watu wakanishukuru wakitoka. Mke wangu anaapa kwamba asubuhi moja alipokuja kuniamsha niswali, nilimwambia arudi kesho.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Lali, mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Yeye hakunifundisha kuzungusha watu. Hilo nilijifunza mwenyewe, kwa bidii. Bwana Lali alinifundisha kuanika.

Hewa yetu ya pwani mnaijua. Masika ikipita, karatasi zinakuwa laini kama chapati za jana, pini zinashika kutu, na wadudu wanaanza kula kutoka pembeni. Kwa hiyo jua likishafunguka tulitandika mikeka uani nyuma ya ofisi, tukatoa mafaili, tukayafungua na kuyawekea mawe yasipeperuke. Kuna adabu zake. Huaniki mpaka umande ukauke. Hungoji jua la utosi, maana wino unafifia. Pini unazing'oa kwanza na kufunga kwa uzi. Kila baada ya muda unageuza kurasa, na unaporudisha faili kabatini unatia majani makavu ya mwarobaini katikati. Mpaka leo ukinipa kitabu chenye unyevu nitakutengenezea, ingawa hakuna anayeniletea. Wajukuu wangu vitabu vyao viko kwenye simu, na simu haianikwi. Nilijaribu moja ikafa.

Ua wenyewe ulikuwa na ukuta wa kufika magotini tu, na njia ya kwenda sokoni ilipita ubavuni. Watu walisimama. Mwalimu atauliza, "Bwana Lali, lile si la vitabu vya shule yetu?" Bwana Lali, bila kuinua kichwa, atajibu, "Ndilo. Hebu ruka huo ukuta unisaidie kuligeuza." Mwalimu ataruka, atageuza ukurasa mmoja, atasoma, atageuza wa pili. Mimi nilimsifu sana Bwana Lali moyoni kwa akili hiyo ya kupata vibarua bila malipo.

Siku moja mama mmoja kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo alikuja dawatini asubuhi kuuliza kama vitanda vya zahanati yao viliingia nchini au la, kwa kuwa kamati inasema vimekwama bandarini na watu wanasema vimeuzwa. Nikampa "faili liko kwa mkubwa" safi kabisa. Adhuhuri nikamwona anatoka upande wa uani, kanga imefungwa kiunoni kama aliyetoka kazini, anang'aa uso. Akanipungia mkono, akaniombea dua. Nikasema, tazama mwanamke mwenye heshima, amenyimwa na bado anashukuru. Kumbe ameshajua kwamba vitanda viliingia zamani na nani alivipokea. Nilichukua miaka kulielewa jambo hilo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa mjanja wa ofisi.

Si kila kitu Bwana Lali alikiacha wazi. Alikuja mfanyabiashara wa vitenge, akainama juu ya ukuta, macho yanamtoka, anataka kuona jirani yake anaagiza bei gani na kutoka kwa nani. Bwana Lali akachukua jiwe kubwa kuliko yote, akaliweka juu ya faili lile, kisha akalikalia jiwe. "Hili limekwishakauka," akasema. Yule bwana akangoja mpaka akachoka. Mimi nilidhani mzee anaumwa na mgongo, nikamletea kiti.

Na kuna siku mbuzi aliingia. Nilikuwa nimeachiwa zamu ya ulinzi, nikasinzia, nikashtuka naye anatafuna ukurasa wa shehena ya biskuti. Nikamfukuza nikiwa na sare yangu ya serikali, vifungo vya shaba na kofia, mpaka katikati ya soko, wauza samaki wananishangilia. Nilirudi na kipande chenye muhuri na alama za meno. Bwana Lali akakipokea, akakikausha, akakifunga kwa uzi mahali pake.

Bwana Lali alipostaafu, nikarithi chumba. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuleta maendeleo. Nikamwambia mkubwa kuwa mambo ya kuanika karatasi kama dagaa yamepitwa na wakati. Tukanunua mifuko ya plastiki, minene, na utepe wa gundi. Kila faili nikalitia mfukoni mwake, nikalizungushia utepe mpaka likawa halina pa kushikia, na juu nikaandika kwa kalamu nzito: USIFUNGUE. Chumba kikang'aa. Wageni kutoka makao makuu wakaletwa kukitazama, nikapewa zawadi ya chupa ya chai, na kichwa kikanivimba hata kofia ikanibana.

Nikamwalika Bwana Lali aje aone. Akaja na mkongojo wake, akatazama kabati moja baada ya jingine, akagusa mfuko kwa kidole. Akaniita kwa jina, "Shee, na watu watasoma lini?"

Nikamtilia chai ya kwenye zawadi yangu na kumwonea huruma, maskini, uzee umeanza kumla akili.

Baadaye katiba ikampa kila mwananchi haki ya kuuliza serikali ina nini mkononi mwake, na sheria ikafuata kuonyesha njia. Tukaitwa semina. Nikala kuku, nikasinzia, nikapewa cheti cha kuhudhuria. Pia tulipewa bango la kubandika: kwamba mwananchi anaweza kuomba karatasi kwa maandishi au hata kwa mdomo akaandikiwa na ofisa, kwamba haulizwi anaitakia nini, kwamba lazima ajibiwe ndani ya muda, kwamba akinyimwa aelezwe sababu, na kwamba siri za biashara ya mtu na mambo ya faragha yanalindwa. Nililibandika siku ileile, nyuma ya mlango. Mlango wetu ulikuwa wazi muda wote wa kazi, kwa hiyo waliolisoma ni mjusi na mimi nilipokuwa nafunga.

Nikastaafu kwa sherehe, na hotuba iliyosema nilikuwa mlinzi hodari. Nikakaa nyumbani, nikamwagilia mipapai, nikaamini kwamba nimemaliza salama.

Mwaka jana, asubuhi, nikasikia hodi. Nikafungua, nikamkuta mama wa makamo, mrefu, amefunika kichwa kwa leso, viatu mkononi kwa sababu ya tope la mtaani kwetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Uliniambia nirudi kesho," akasema. "Nimerudi."

Nikatafuta pa kuficha uso wangu, nikaona mlango wangu mwenyewe. Jina lake Kadzo, wa kijiji kimoja upande wa Marafa. Zamani, alipokuwa msichana, mwenyekiti wa kijiji chao, Mzee Kahindi, alimtuma kwangu mara nyingi kuomba nakala ya karatasi za pampu ya maji ili kijiji kiiweke. Mara zote nilimwambia nililowaambia wengine. Mwisho wakakata tamaa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akigombea pampu, hawakuona haja tena.

Sasa inagombewa. Pampu hiyo na injini yake zililetwa kwa msaada wa mzee mmoja Mtaliano aliyekuwa akiishi hapa mjini, ambaye amekwisha kufa. Kabla yake, kina mama wa pale waliamka na punda kwenda kuchota maji mbali, na watoto wa kike walifika shule jua limepanda. Mzee Kahindi ndiye aliyeilinda tangu siku ya kwanza: ufunguo wake, mafuta yake, vipuri vyake, na kiangazi alilala kibandani pembeni yake. Mzee alipofariki, mwanawe Karisa akasema ni mali ya urithi. Ana shamba la nyanya karibu na mto Sabaki, na huko pampu inahitajika.

"Ni mwizi huyo?" nikauliza, ili lawama ipate pengine pa kukaa.

"Hapana, mzee. Karisa si mwizi. Amekua akimwona babake anaifuta kama mtoto wake. Kwao walikuwa wakiiita pampu ya baba. Yeye anaamini." Akavaa viatu. "Chifu amesema tulete karatasi ya forodha kwenye baraza la wiki ijayo. Tusipoleta, Karisa anaichukua. Mimi nina wajukuu, mzee. Sitaki warudi kwenye punda."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitakwenda naye, maana ofisi ile ni kama nyumbani kwangu. Nikavaa koti na kofia ya Ijumaa, nikajipulizia manukato. Njiani nikamfundisha jinsi tutakavyoingia: mimi nisalimie, mimi nitaje majina ya wakubwa, yeye anyamaze na kuonekana mnyonge.

Dawatini kwangu alikuwa amekaa binti mmoja, Riziki, umri wa mjukuu wangu wa kwanza.

"Shikamoo, mzee. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Unanijua mimi ni nani?"

"Hapana, mzee. Samahani."

Hapo nikapungua kimo. Nikaanza kueleza mwanzo wa kijiji, wema wa Mtaliano, kifo cha Kahindi, nyanya za Karisa. Riziki akasikiliza kwa adabu kisha akasema, "Mzee, sababu si lazima. Nataka tu kujua ni mzigo gani, uliingia kwa jina la nani, na takriban wakati gani." Nikamnong'oneza Kadzo, "Anatuzungusha huyu, mimi nazijua dalili." Kadzo akanisogeza kwa kiwiko, akazungumza mwenyewe. Yalikuwa maneno ya mtu anayeagiza unga dukani. Riziki akaandika, akamsomea, Kadzo akatia sahihi. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida, na bango lilikuwa limebandikwa mbele ya dawati, penye macho ya kila mtu.

Riziki akaingia chumba cha mafaili. Akatoka na mfuko wa plastiki, utepe wangu, mwandiko wangu: USIFUNGUE. Nikajitutumua kidogo. Nikasema, "Unaona ulivyotunzwa?"

Akachukua mkasi, akakata. Harufu iliyotoka ilimfanya askari wa mlangoni ageuke. Plastiki ilikuwa imefungia unyevu ndani miaka yote ile, jasho halina pa kwenda. Karatasi zilikuwa zimeshikana zikawa donge moja, jeusi pembeni, kijani katikati. Riziki akajaribu kuinua ukurasa kwa ncha ya kalamu ukamomonyoka. Haikusomeka hata herufi moja.

Kadzo alilitazama donge lile, kisha akanitazama mimi.

"Mzee," akasema, "ulikuwa ukizitunza au ukizizika?"

Wanangu, nimetukanwa na matajiri, nimefokewa na wakubwa, sikuwahi kuumia kama siku ile. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilikaa kwenye benchi la wageni, ambalo sikuwahi kulikalia, na nikagundua kwamba lina msumari.

Riziki hakunilaumu. Alisema misamaha ya ushuru ilikuwa ikipitishwa Mombasa, na huko lazima ibaki nakala, nao wamekuwa wakizipiga picha karatasi zao za zamani na kuziingiza kwenye kompyuta. Akaandika ombi hapohapo, akaeleza kwamba lina haraka kwa sababu maji ya watu yako hatarini. Nikamwomba aongeze "kwa heshima na taadhima." Akaniongezea, nadhani kwa huruma.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Kila simu ilipolia niliruka. Mke wangu akaniambia, sasa nawe umejua. Ni kweli, sikujua kwamba kungoja karatasi kunachosha kiasi kile. Nilikuwa nikimpigia Riziki asubuhi na jioni mpaka naamini alitamani sheria itoe na kinga dhidi ya wastaafu.

Siku moja kabla ya baraza akanipigia yeye. Mombasa wamejibu. Nikaenda mbiombio, na kandambili ikakatika njiani. Nakala ilikuwa safi, na muhuri wa ofisi juu yake. Nikamtumia Kadzo ujumbe, na kesho yake tukaenda pamoja kwa chifu.

Watu walikuwa wamejaa kwenye kibanda cha mabati cha ofisi ya chifu. Karisa alikuwa amekuja na pikapu ya kukodi pamoja na kamba za kufungia. Ni mtu wa miraba minne, mwenye aibu, alinisalimia shikamoo bila kujua nimekuja kumpinga. Kadzo akamkabidhi chifu karatasi. Chifu akasoma kwa sauti: pampu moja ya maji na injini yake, imesamehewa ushuru kwa kuwa ni mali ya wakazi wote wa kijiji, haiwezi kuuzwa wala kuhamishiwa mtu binafsi. Nyuma yake kulikuwa na barua ya kuomba msamaha huo, iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, herufi kubwa zilizopinda. Chifu akaisoma nayo: "Maji haya si yangu. Ni ya walioko na ya watakaozaliwa. Mimi nitashika ufunguo tu. Kahindi."

Kina mama wakapiga vigelegele. Kadzo hakupiga. Alikuwa akimtazama Karisa, na wengine wakaanza kumtazama, wakinyamaza mmoja mmoja, wakingoja ugomvi.

Karisa akasogea mbele. "Naomba niione," akasema.

Akaishika kwa mikono yote miwili. Alikaa nayo muda mrefu, midomo inacheza. Nikadhani anatafuta kosa la kubishania, nami nikaanza kuandaa majibu ya kitaalamu kichwani.

"Hii ameandika baba mwenyewe?" akamuuliza Kadzo.

"Mwenyewe. Alikwenda madarasa ya watu wazima, jioni, tukiwa pamoja. Hakutaka nyinyi watoto mjue mpaka azoee. Mimi nilimshikia taa akiandika hiyo."

"Mimi nilijua baba hajui kuandika," Karisa akasema. "Kila kitu alikuwa akiweka dole gumba." Akamgeukia dereva wa pikapu, akamwambia aende. Halafu akamwuliza Kadzo kama anaweza kubaki na ile karatasi.

"Hii ni ya kijiji," Kadzo akasema, na sauti yake ilikuwa laini. "Yako nenda kaombe. Unapewa."

Karisa akanitazama mimi, nadhani kwa sababu ya koti. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, unapewa.

Riziki ndiye aliyenisimulia kilichofuata. Karisa alifika Malindi asubuhi ofisi haijafunguliwa. Akaandikiwa ombi lake, na kwa kuwa nakala ilikuwa tayari kwenye kompyuta, akapewa palepale. Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la nje, akaiweka magotini, akaanza kuisoma kwa kidole, herufi moja moja, na alipofika kwenye jina la babake akarudi mwanzo. Ilikuwa siku yake ya kumwagilia nyanya, na nyanya zikangoja.